Daktari wa Hadithini na Daktari wa Bugala

Bila shaka mmekwisha kusikia, kama si kusoma wenyewe, hadithi za namna hii. Yuko bwana mmoja msomi, akili yake imewapita wenzake wote. Hujifungia chumbani usiku pamoja na chupa zake na taa yake. Anatafuta jambo ambalo hapana mtu aliyelijua tangu dunia kuumbwa. Mwisho analipata, na hilo alilolipata linamgeukia yeye mwenyewe. Vijana wetu wa Nansio huziona hadithi hizo katika vibanda vya video, na wengine katika simu zao, huku mfasiri mwenye sauti nene akiwaeleza kwa Kiswahili kila linalotendeka, na mengine ambayo hayatendeki. Mimi nilizijua kwa vitabu. Nazipenda hata leo, wala sioni haya kusema hivyo, ingawa wako wazee wenzangu wanaoona kwamba ni upuuzi mtupu.

Iliyo maarufu kupita zote ilitungwa na msichana wa Kiingereza, Mary Shelley. Alianza kuiandika mwaka 1816 akiwa na miaka 18, nayo ikatoka kitabuni mwaka 1818. Humo mwanafunzi aitwaye Victor Frankenstein anakusanya vipande makaburini na machinjioni, anaviunga, anavitia uhai. Linainuka dubwana la kutisha. (Watu wengi hudhani kwamba Frankenstein ndilo jina la dubwana. Sivyo. Dubwana halikupewa jina lolote. Aliyeliumba alilikimbia usiku ule ule, na taabu yote ikaanzia hapo.)

Sasa angalieni jambo moja ambalo watazamaji wa video hawalioni, maana mara nyingi hukatwa. Nyumbani kwa akina Frankenstein yuko msichana wa kazi, jina lake Justine. Dubwana linamwua mdogo wake Victor, na lawama inamwangukia Justine. Victor anajua kwamba hana hatia, lakini siri yake haitoi. Justine ananyongwa. Dubwana nalisahau upesi, lakini yule msichana wa kazi simsahau.

Baadaye, mwaka 1886, Robert Louis Stevenson akaandika habari za Daktari Jekyll, aliyechanganya dawa akainywa mwenyewe, akageuka mtu mwovu. Huyo angalau alijaribu dawa yake katika tumbo lake. Na mwaka 1896 H. G. Wells akatoa kitabu kuhusu Daktari Moreau, aliyekimbia Uingereza akaenda kukaa katika kisiwa cha mbali, bahari ya Pasifiki. Huko huwakata wanyama wakali kwa wapole, bila kuwapa dawa ya usingizi, akitaka kuwafanya watu. Wale wanyama wanakiita chumba chake Nyumba ya Maumivu. Moreau si mkali wala hana hasira. Haoni tu kwamba maumivu ya wengine ni kitu cha kuhesabiwa.

Mpwa wangu, asomaye sekondari, alikuja kwangu likizo moja akiwa ametoka kutazama mchezo wa namna hiyo. Akaniuliza, “Mjomba, hivi wanasayansi ndivyo walivyo kweli?” Nilimwambia akae, nimpe habari ya daktari mwingine katika kisiwa kingine, kisichotungwa na mtu. Kisiwa hicho kimo katika ziwa hili hili tunaloogea, na habari yenyewe ilitokea miaka kumi tu baada ya kitabu cha Wells. Nanyi wasomaji nataka kuwapeni habari hiyo, maana katika vibanda vya video hamtaiona.

Mnamo mwaka 1901 madaktari wa hospitali ya Mengo, Uganda, walianza kuona wagonjwa wa ajabu. Mtu alipatwa na homa, tezi za shingo zikavimba, kisha akawa mzito wa maneno, akasinzia mchana huku chakula kikiwa mkononi, akakonda, akafa. Waganda waliuita mongoota. Sisi tunauita malale. Ulienea Busoga na pwani zote za kaskazini ya ziwa, na visiwani ndiko ulikoua kupita kiasi. Katika miaka michache walikufa watu zaidi ya 200,000. Fikirini hesabu hiyo. Vijiji vizima vilibaki migomba tu. Mwaka 1903 Aldo Castellani na David Bruce, waliokuwa Entebbe, walionyesha kwamba ugonjwa unaletwa na mdudu mdogo aishiye katika damu na katika maji ya uti wa mgongo, na kwamba anayemtia mtu mdudu huyo ni mbung'o, yule nzi wa vichaka vya pwani. Chanzo kilijulikana, lakini dawa haikuwapo.

Basi akaja Robert Koch. Jina lake mpwa wangu alikwisha kulisoma darasani, kwa kuwa ndiye aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, na mwaka 1905 akapewa Tuzo ya Nobel. Wakati ule hapakuwa na daktari mwenye sifa kumpita, wala sifa hiyo hakuiiba. Lakini palikuwa na doa moja. Mwaka 1890 alitangaza huko Berlin kwamba amepata dawa ya kifua kikuu, na akaficha ilivyotengenezwa. Wagonjwa wakamiminika kutoka nchi nyingi. Dawa haikuponya, na wengine waliochomwa sindano hiyo walikufa. Mtu angedhani kwamba habari ile ingemfundisha subira.

Serikali ya Ujerumani, ambayo ndiyo iliyotawala nchi yetu wakati huo, ilimtuma aje atafute dawa ya malale. Mwaka 1906 alipita Amani, huko Usambara, kisha akaja Mwanza. Lakini upande wetu hakupata wagonjwa wa kutosha kwa kazi yake, akaomba ruhusa kwa Waingereza, akavuka kwenda visiwa vya Sese, kaskazini-magharibi ya ziwa, akapiga kambi katika kisiwa kikubwa cha Bugala. Alikaa huko tangu Agosti 1906 hata Oktoba 1907. Alikuwa mzee wa miaka zaidi ya sitini, akilala hemani, akiamka alfajiri kuchunguza damu. Sitaki mmdhanie kuwa mvivu wala mtu wa anasa.

Dawa aliyokuja nayo iliitwa atoksili. Ndani yake mna aseniki, sumu ile ile iliyokuwa ikitiwa zamani katika majosho ya ng'ombe. Habari ikaenea visiwani kwamba yuko daktari wa Kizungu mwenye sindano. Wakaja, wengine kwa miguu, wengine wakichukuliwa na ndugu zao katika mitumbwi, hata hesabu ikapita elfu moja. Na mwanzoni dawa ilifanya maajabu. Mdudu alitoweka katika damu, waliokuwa hawawezi kusimama wakasimama. Koch aliandika kwao kwamba atoksili kwa malale ni kama kwinini kwa malaria.

Halafu mdudu akarudi. Hapa ndipo nawaomba msome polepole. Koch aliona kwamba nusu gramu haitoshi, akapandisha kipimo mpaka gramu nzima. Wagonjwa wakaanza kulalamika kwa maumivu, wakatapika, wakaona kizunguzungu. Wengine wakaanza kusema kwamba macho yanaingia giza. Zaidi ya watu ishirini wakapofuka kabisa, wala hawakuona tena. Ndipo akakiacha kile kipimo kikubwa.

Mpwa wangu aliposikia hayo akasema, “Basi ni Moreau huyo.” Nilimkataza. Si Moreau. Moreau aliwatesa viumbe wazima kwa kutaka kujua tu; Koch alikuwa na watu waliokwisha hukumiwa kufa, maana malale bila dawa huua. Mtu aliyemshika mkono mtoto wake akimpeleka Bugala hakuwa mjinga. Alikuwa anachagua kati ya sindano na kaburi, na mimi ningalifanya kama yeye. Wala kupandisha kipimo cha dawa peke yake si dhambi. Madaktari hufanya hivyo mpaka leo.

Jambo linalonikera ni jingine. Aliyepandisha kipimo ni mmoja, na aliyepofuka ni mwingine, na kati yao hapakuwa na neno. Hakuna aliyeambiwa, “Ndugu, sindano ya leo ni kubwa kuliko ya juzi, huenda ikakuponya, huenda ikakutoa macho, wataka au hutaki?” Watu wale walitawaliwa na Waingereza, walitibiwa na Mjerumani, wala hawakuwa na mahali pa kwenda kusema hapana. Leo chuo kikubwa cha magonjwa huko Berlin kinaitwa kwa jina la Koch. Waliopofuka Bugala, katika vitabu ni tarakimu.

Na hadithi za video ndipo zinapotudanganya kidogo, ingawa nazipenda. Zinatufanya tumtafute mwenye nywele zilizosimama na kicheko cha kichaa. Mtu huyo hatumwoni, basi tunadhani tu salama. Wenye kuleta hasara kubwa walikuwa watu waliochana nywele vizuri, wenye haraka ya kufanya wema.

Haraka hiyo haikuishia Bugala. Koch alishauri wagonjwa watengwe katika kambi, mbali na wazima, wachomwe sindano huko. Alishauri pia mamba wauawe na mayai yao yafukuliwe, kwa kuwa aliona mbung'o hunywa damu ya mamba. (Wavuvi wa Ukerewe watacheka, lakini alisema hivyo kwa dhati.) Wajerumani wakafungua kambi za malale upande wao, mojawapo Kigarama karibu na Bukoba, nyingine Shirati. Wagonjwa wengi walitoroka. Wazungu wakaandika kwamba Waafrika hawapendi matibabu. Mtu akitoroka sindano ya aseniki, mimi siiti hiyo kutopenda matibabu. Huko Sese Waingereza waliwahamisha watu wote waliosalia mwaka 1909, na visiwa vikabaki vitupu kwa miaka kama kumi.

Je, hapana faida iliyopatikana? Ilipatikana, na nisipoisema nitakuwa mwongo. Friedrich Kleine, msaidizi wa Koch, alibaki pwani ya ziwa letu, na mwaka 1909 akatangaza jinsi mdudu wa malale anavyokua ndani ya mbung'o mwenyewe kabla ya kumwambukiza mtu. Bila kulijua hilo tungalikuwa tunakisia tu. Huko Ujerumani Paul Ehrlich alikuwa akiichunguza ile ile atoksili, akaibadilisha tena na tena, na mwaka 1910 ikatoka Salvarsan, dawa ya kwanza yenye nguvu juu ya kaswende. Ulaya nzima ilishukuru. Waliopofuka Bugala haikuwasaidia. Aseniki haikuacha malale hata baadaye: tangu mwaka 1949 ilitumika dawa nyingine yenye sumu hiyo, melarsoproli, iliyochoma mishipa kama pilipili na kuua karibu watano katika kila wagonjwa mia moja walioipata. Ndipo juzi juzi tu, mwaka 2018, kikapitishwa kidonge cha kumeza kiitwacho feksinidazoli. Nacho kilijaribiwa kwa wagonjwa, wengi wao Kongo. Lakini waliojaribiwa waliulizwa kwanza, na waliokataa walitibiwa kwa dawa iliyokuwapo. Kutoka Bugala mpaka hapo ni miaka zaidi ya mia.

Mtu ataniambia kwamba natafuta mambo ya mbali wakati sisi tunaye mtunzi wetu. Kweli, Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, hapa hapa Ukerewe, mwaka 1944, na katika kitabu chake Kichwamaji, kilichotoka mwaka 1974, yuko kijana Kazimoto aliyesoma hata chuo kikuu, na elimu ikamtenga na watu wake mpaka akajiua. Kezilahabi hakuhitaji maabara wala dubwana kuonyesha kwamba kujua kunaweza kumgharimu mtu. Lakini kwake aliyelipa ni yule yule aliyejua, kama Jekyll. Nami leo ninazungumza juu ya wale wanaolipa bila kujua.

Wala msidhani kwamba mambo haya yalikwisha na Wajerumani. Mtazame sangara. Wapo watoto Nansio wanaodhani kwamba samaki huyu alikuwako tangu Nuhu. Aliletwa. Alitiwa katika ziwa upande wa Uganda mnamo mwaka 1954, na tena miaka ya 1962 na 1963, ili ale furu wadogo wasio na bei na kuwageuza nyama ya kuuzwa. Mwaka 1960 mtaalamu mmoja, Geoffrey Fryer, alionya kwamba ni hatari. Hakusikilizwa. Kwa miaka ishirini na zaidi sangara alionekana kidogo tu. Kisha, katika miaka ya 1980, akalijaza ziwa. Wazee wanaokumbuka nyavu zilizojaa furu wa kila rangi wanajua nasema nini. Wataalamu wanahesabu aina zipatazo 200 za furu zilizotoweka. Kwa upande mwingine vikajengwa viwanda Mwanza, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na nyumba nyingi za bati mnazoziona visiwani zilitoka katika mgongo wa sangara. Mwaka 2004 Mwaustria mmoja, Hubert Sauper, alitengeneza filamu juu ya jambo hilo, akaiita Jinamizi la Darwin, na mwaka 2006 Rais Kikwete mwenyewe alilalamika kwamba imetuchafulia jina. Mimi nakula sangara, wala sijutii. Nasema tu kwamba jaribio lile lilifanywa katika bakuli tunalolia sote, na hapana mvuvi wa Ukerewe aliyeulizwa.

Ndiyo maana sikupendezwa, miezi michache iliyopita, niliposikia watu wakimcheka jirani yangu. Vijana wawili wa utafiti walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kwa habari ya kichocho. Kila mmoja wetu anajua kichocho. Mtoto wa kisiwani atakuwaje na maji yasimguse? Walitaka choo na mkojo wa watoto, na damu kidogo ya kidole. Jirani yangu, mama wa watoto wanne, aliwaambia, “Wanangu si panya.” Maneno hayo yakaenea mtaani, na waliosoma kidogo wakamwita mshamba, wakisema ametishwa na video.

Huenda ni kweli alitishwa na video. Lakini wanaomcheka wangejua habari za Bugala wasingecheka upesi hivyo. Kwa upande mwingine sikutaka awafukuze vijana wale, maana vidonge vya kichocho wanavyopewa watoto wetu shuleni navyo vilitoka katika utafiti, na kichocho kisipochunguzwa huharibu ini na kibofu pole pole, mpaka mtu mzima anatapika damu. Tena siku hizi utafiti wa afya katika nchi yetu sharti upate kibali cha Taasisi ya Taifa, ile iitwayo NIMR, na mtu sharti aelezwe na akubali mwenyewe. Sheria za namna hii hazikuanguka kutoka mbinguni. Nyingi ziliandikwa baada ya kesi ya madaktari wa Kijerumani huko Nuremberg, mwaka 1947, wengine wakiwa wamewaua wafungwa kwa majaribio. Karatasi ile ya kutia sahihi, ambayo wengi wetu hutia bila kusoma, iliandikwa kwa ajili ya watu kama wale.

Jioni nilikwenda kwake, nikamweleza hayo niliyowaeleza ninyi, kwa kifupi. Alisikiliza huku akichagua mchele. Mwisho akasema, “Kwa hiyo, mwalimu, sikatai wala sikubali. Nauliza.” Nikamwambia hilo ndilo jambo.

Kesho yake vijana walirudi, nami nilikuwapo barazani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, wanangu. Karibuni mkae. Nina maswali.” Akauliza damu inakwenda wapi. Mwanza, wakamwambia, kisha itatupwa baada ya kupimwa. Itapimwa kichocho tu, au na mengine? Kichocho tu. Majibu ya mwanawe ataletewa nani? Ataletewa yeye mwenyewe, na akikutwa na ugonjwa atapewa dawa. Hapo akatikisa kichwa, akauliza lile ambalo mimi sikuwa nimelifikiri: “Na kama dawa hiyo ikimdhuru, nauli ya kivuko mpaka Bugando atatoa nani?”

Kijana mdogo alimtazama mwenzake. Yule mkubwa hakuona haya. Alikaa juu ya kigoda, akafungua karatasi zake, akaanza kusoma tangu mwanzo, polepole, kwa Kiswahili. Jibu la nauli lilikuwamo, ukurasa wa pili: watatoa wao. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba mzazi anaweza kumtoa mtoto wake siku yoyote, na hatanyimwa matibabu kwa sababu hiyo, mama akamwambia arudie hapo. Akarudia.

“Iache hiyo karatasi hapa,” mama akasema. “Baba yao anarudi kutoka ziwani kesho asubuhi. Njooni jioni.”